Utazoea

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anayelala bwenini usiku wake wa kwanza huambiwa utazoea. Bibi harusi aliyehamia kwa wakwe huambiwa utazoea. Kijana aliyepata nafasi ya kujitolea ofisini, asiyelipwa hata nauli ya daladala, huambiwa utazoea. Huambiwa hivyo pia mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kumeza maisha yake yote, na mjane aliyebaki na kitanda kipana. Wanaolitamka neno hili huwa na nia njema, au wamechoka, au wanataka mazungumzo yaishe. Kwa msemaji ni neno la bei rahisi. Gharama yote iko kwa anayeambiwa.

Ni lini mtu ana haki ya kumwambia mwenzake utazoea, na ni lini neno hilo ni njia ya adabu ya kumnyamazisha? Swali hili nimelisoma kwa wanafalsafa na nimebishana nalo na marafiki, lakini nimejifunza zaidi kinywani mwa bibi yangu mzaa mama. Akiwa na miaka 71, nyumbani Tanga, aling'olewa meno manne ya mwisho aliyokuwa nayo, na baada ya fizi kupona akawekewa meno ya bandia, juu na chini. Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kliniki na kumrudisha, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpikia. Kwa hiyo niliona kuzoea kunavyofanyika siku kwa siku, kwa mtu mzima mwenye ulimi mkali na asiyependa kudanganywa.

Tuanze na mwili wenyewe. Weka vidole vyako kwenye panja, kisha uma meno. Utahisi kitu kinatuna chini ya ngozi. Huo ni mmoja wa misuli ya kutafunia, mpana, umetandazwa kama upepeo ubavuni mwa fuvu. Shusha vidole hadi kwenye pembe ya taya, uma tena. Hapo kuna mwingine, mfupi na mnene. Miwili zaidi imejificha kwa ndani, na yote minne ina wenzake upande wa pili.

Misuli hii ina nguvu nyingi, na kwa sababu hiyo inahitaji kuongozwa. Kila jino la asili limeshikiliwa kwenye mfupa na nyuzi nyembamba, na ndani ya nyuzi hizo kuna mishipa ya fahamu inayopima kila mgandamizo. Ndiyo maana unaweza kuhisi unywele mmoja uliokwama katikati ya meno. Ndiyo maana pia ukitafuna kijiwe kwenye wali, taya hufunguka lenyewe kabla hujapata wazo lolote.

Jino likitoka, nyuzi hizo huondoka nalo. Meno mapya ya Bibi yalikuwa meupe na yaliyopangika kuliko yale aliyozaliwa nayo, lakini hayakuwa na habari yoyote ya kumpelekea. Yalikalia fizi, nyama laini ambayo haikuumbwa kubeba mzigo wa kutafuna. Misuli ilikuwa ileile, na ghafla ikawa inafanya kazi gizani. Wataalamu waliopima nguvu ya kung'ata ya watu wenye meno ya bandia kinywa kizima kwa kawaida huikuta ikiwa karibu robo tu ya nguvu ya wenye meno yao, na wakati mwingine chini ya hapo. Sehemu ya upungufu huo ni msuli kusinyaa kwa kutotumika. Sehemu nyingine ni tahadhari: fizi zinauma, bamba linateleza, na ubongo unaizuia misuli isije ikajiumiza.

Siku za kwanza mate yalimjaa, kwa sababu kinywa hakikujua tofauti kati ya meno mageni na chakula. Kila alipojaribu kumeza, bamba la chini liliinuka. Bamba la juu hushikwa na kaakaa kama kikombe kilichonata kwenye kisahani chenye maji. La chini halina bahati hiyo. Lina umbo la upinde, limekalia eneo dogo, na katikati yake ulimi unacheza muda wote. Kinacholituliza ni mashavu, midomo na ulimi huohuo, viungo ambavyo kwa miaka 71 vilikuwa na kazi nyingine.

Na kutafuna kwenyewe hubadilika. Sisi wenye meno hupeleka tonge upande mmoja, kisha mwingine. Mwenye meno ya bandia hufundishwa kuligawa, nusu kulia na nusu kushoto, ili bamba lisiegemee upande. Kung'ata kwa meno ya mbele kunaliinua bamba kwa nyuma, kwa hiyo embe haling'atwi tena, hukatwa kwa kisu. Muwa unasahaulika. Madaktari wengi huwaambia wagonjwa wao kwamba kujifunza haya yote huchukua kiasi cha wiki sita hadi nane. Katika wiki hizo misuli huacha kubana ovyo, taya hupata mwendo wake mpya na kuurudia, ulimi hujifunza kutulia, na mate hupungua. Mtu haambiwi hatua hizi moja moja na ubongo wake. Siku moja tu anagundua kwamba amemaliza sahani bila kuyafikiria meno.

Hii ndiyo sehemu ya kweli ya neno utazoea, na sitaki kuipuuza. Miili yetu inajua kujifunza. Mtu anayeambiwa utazoea katika wiki ya kwanza ya meno mapya anaambiwa jambo la kweli ambalo hawezi kuliona akiwa ndani ya maumivu. Bila mtu wa kumwambia hivyo, wengi huyavua meno wakayafungia kabatini siku ya tatu, wakabaki vibogoyo huku dawa iko kwenye glasi ya maji.

Lakini Bibi hakuzoea. Wiki ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, na badala ya kupungua, maumivu yakajikusanya mahali pamoja, chini kushoto, kwa ndani. Tulirudi kwenye kliniki ile mara mbili. Mara zote mbili hakuna aliyemwambia afungue kinywa. Mara ya kwanza aliambiwa ni kawaida. Mara ya pili mhudumu alimwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Bibi, wote huanza hivyo, utazoea." Bibi akamjibu, "Ahsante mwanangu," kwa heshima, akavaa viatu vyake. Ndani ya bajaji alinyamaza njia nzima.

Majirani waliokuja kumjulia hali walisema vilevile. Baada ya "Shikamoo Bibi" na "Marahaba," neno lililofuata lilikuwa hilohilo. Nilianza kuona jambo: kila lilipotamkwa, Bibi aliacha kueleza. Alikuwa na habari muhimu kuhusu mahali panapouma, wakati gani, na kwa chakula gani, lakini neno utazoea lilikuwa jibu tayari kabla habari haijatoka. Mwezi ule alikula uji, ndizi za kuponda na mchuzi, na akapungua hadi pete yake ikawa inazunguka kidoleni.

Daktari wa pili, kwingine, alifanya kitu rahisi. Kwanza alitupigia simu akaagiza Bibi ayavae meno siku nzima kabla ya kuja, hata kama yanauma, ili alama ionekane. Bibi alipofika alimwangalia fizi, akakuta kidonda kirefu kama punje ya mchele. Akapaka krimu nyeupe ndani ya bamba la chini, akalirudisha kinywani, akamwambia aume, kisha akalitoa. Mahali pamoja krimu ilikuwa imefutika kabisa na plastiki ya waridi inaonekana. Hapo ndipo palipokuwa panabana. Alipasaga kwa mashine ndogo, akapaka tena, akapima tena, akasaga tena. Alimhesabisha pia: sitini, sitini na moja, kuendelea, kwa sababu sauti ya s huyaleta meno ya juu na ya chini karibu bila kugusana, na daktari akisikiliza na kutazama hujua kama meno yamewekwa marefu kupita kiasi. Bibi alipofika sitini na nne alinigeukia akasema, "Mke mwenzangu, hata kuhesabu nimenyang'anywa." Ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Ilikuwa mara ya kwanza kutania tangu awekewe meno.

Tulirudi mara mbili zaidi, na kila mara kitu kidogo kilisagwa. Baada ya hapo kuzoea kukaanza. Wiki ya pili baada ya kusagwa alikula wali na samaki. Wiki ya tano alikula ugali na mchicha, tonge ndogondogo, pande zote mbili. Ilipofika wiki ya nane aliomba muhogo wa kuchoma, akautafuna polepole huku ameshika shavu kwa mkono, kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi hafifu.

Jambo ninalolichukua hapo ni hili. Kinywani mwa Bibi kulikuwa na maumivu ya aina mbili, na kwa mtazamaji wa nje yalifanana. Aina ya kwanza ni uchovu wa misuli inayojifunza. Huenea, huhamahama, na hupungua kila siku. Aina ya pili ni ya kitu kinachokata. Hukaa mahali pamoja na huongezeka. Ya kwanza inahitaji muda, na neno utazoea linaifaa. Ya pili muda unaizidisha, na neno hilohilo linakuwa kosa. Ukiwa umesimama mlangoni huwezi kujua ni ipi. Lazima kinywa kifunguliwe.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Nicomachean Ethics, anasema kwamba tabia njema huja kwa kuzoezwa, kisha anatoa mfano wa jiwe. Jiwe kwa asili yake huanguka chini, na hata ulirushe juu mara elfu kumi halitazoea kwenda juu. Wengi tunaukumbuka upande wa kwanza wa hoja hiyo, kwamba binadamu anafundishika. Upande wa pili una uzito uleule: yako mambo ambayo marudio hayayafundishi. Kidonda kilicho chini ya ukingo wa plastiki ni jiwe. Ukikigandamiza mara elfu kumi hakitajifunza kitu.

Historia ina mfano wa wazi zaidi. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa kwanza wa Marekani mwaka 1789, alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Meno yake ya bandia hayakuwa ya mti, kama hadithi maarufu inavyosema. Yalitengenezwa kwa meno ya kiboko, meno ya binadamu na madini, na mabamba yake mawili yaliunganishwa kwa springi zilizoyasukuma yaachane. Maana yake ni kwamba misuli ya taya lake ilipaswa kubana muda wote ili tu mdomo ukae umefungwa. Alimwandikia daktari wake, John Greenwood, akilalamika kwamba meno yanaisukuma midomo yake nje. Hakuna wiki nane zinazoweza kumfundisha mtu kupumzika dhidi ya springi. Mzigo wa aina hiyo msuli haujifunzi. Unaubeba tu, kila saa, hadi jioni.

Na chini ya mzigo wa rais kulikuwa na mzigo wa watu wengine. Daftari la hesabu la Mount Vernon, shamba lake lililofanyiwa kazi na watumwa, linaonyesha kwamba mwaka 1784 zililipwa shilingi 122 kwa meno tisa ya watu Weusi. Hakuna hati inayosema kama meno hayo yaliishia kinywani mwake. Kinachojulikana ni kwamba kuna watu walibaki na mapengo. Washington alikuwa na daktari wa kumlalamikia kwa barua. Wao, nani aliyewauliza wanatafunaje? Watu wa juu hupata wa kuwarekebishia vitu. Wa chini huambiwa wajirekebishe wao.

Hadi hapa hoja inaonekana nyepesi: sikiliza, kagua, saga, kisha sema utazoea. Ugumu ulikuja miaka sita baadaye, na unahusu mtu aliyezoea vizuri mno.

Mfupa unaoshikilia meno hudumu kwa sababu ya kazi ya meno. Yakitoka, huanza kupungua. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha matokeo ya ufuatiliaji wa miaka 25 wa watu wenye meno ya bandia kinywa kizima. Mfupa uliendelea kupungua miaka yote hiyo, na wa taya la chini ulipungua takriban mara nne ya ule wa juu. Kwa hiyo meno yaliyokaa sawasawa leo hayatakaa hivyo baada ya miaka kadhaa, hata kama yenyewe hayajabadilika hata kidogo. Mabadiliko haya hayaumi. Hakuna asubuhi ambayo mtu huamka akajua kwamba jana mfupa wake ulipungua.

Na hapa ustadi wa misuli unageuka kuwa pazia. Bamba linapolegea kidogo, ulimi hulishika. Likilegea zaidi, mashavu husaidia. Mtu mzoefu anaweza kula, kuongea na kucheka akiwa na meno ambayo mezani yangekuwa yanachezacheza juu ya fizi zake kama kofia ya mtu mwingine. Nyama nayo hujitetea kwa namna yake. Ukingo wa bamba lisilokaa vizuri ukiisugua kwa miaka, inaweza kuota mkunjo kuuzunguka ukingo huo, na mara nyingi mkunjo huo hauumi. Maumivu yameondoka, madhara yamebaki. Kwa mtu anayeuliza "unaumwa?" peke yake, huyu ni mzima.

Bibi alifika huko. Akiwa na miaka 77 alikuwa hodari wa meno yale kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, lakini nilipohesabu anachokula, niliona orodha imefupika tena. Muhogo wa kuchoma ulikuwa umetoweka bila kuagwa. Kisha nyama, kisha ugali mgumu. Nilipomwambia twende tukamwone daktari, alisema neno ambalo sikulitegemea kwake: "Nimezoea."

Je, nimwamini? Mwaka 1983 mwanafalsafa wa Norway, Jon Elster, aliandika kitabu kizima, Sour Grapes, kuhusu tabia ya binadamu ya kupunguza matamanio yake hadi yalingane na anachoweza kupata. Watoto wetu wanaijua kwa hadithi ya sungura aliyeruka akashindwa kuyafikia matunda, akaenda zake akijisemea kuwa ni mabichi. Mchumi na mwanafalsafa wa India, Amartya Sen, amelipeleka wazo linalofanana na hilo kwenye umaskini. Mtu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kufurahia kidogo alicho nacho, na ukimuuliza kama ameridhika anaweza kukujibu ndiyo. Tukipima haki kwa kuridhika kwake peke yake, tutakuwa tumeihalalisha dhuluma kwa kutumia uhodari wa aliyedhulumiwa.

Nilivutiwa na hoja hiyo, na nikaenda kumwelezea Bibi, kwa maneno ya nyumbani, kwamba huenda kuridhika kwake si kuridhika kwa kweli. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wewe una meno thelathini na mawili, unataka kunifundisha kutafuna? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

Alikuwa na haki. Hoja ya Sen na Elster ina hatari yake, nayo ni kumpa kijana aliyesoma ruhusa ya kulifuta neno la mtu mzima kuhusu maisha yake mwenyewe. Mhudumu wa kliniki alimnyamazisha Bibi kwa kumwambia utazoea. Mimi nilikuwa na uwezo wa kumnyamazisha kwa kumwambia umezoea vibaya. Katika hali zote mbili kinywa kinabaki kimefungwa na mwingine ndiye anayesema.

Njia niliyoiona ya kutoka hapo ni kuacha kuuliza "umeridhika?" na kuuliza swali linaloweza kujibiwa na sahani. Tangu uzoee, je, unayoweza kuyafanya yameongezeka au yamepungua? Katika zile wiki nane za kwanza orodha ya vyakula vya Bibi ilirefuka, kutoka uji hadi muhogo. Huko ni kuzoea kunakomfungulia mtu njia. Katika miaka ya mwisho orodha ilifupika, na kila kilichoondoka kiliondoka kwa kisingizio: muhogo wa siku hizi una nyuzi, nyama ya siku hizi ngumu. Huko ni kuzoea kunakomfungia. Kwa nje yote mawili ni utulivu uleule. Orodha ndiyo inayoyatofautisha.

Kipimo hiki nakitumia kwingine pia. Kijana aliyeanza kazi ya kujitolea na baada ya miezi sita anajua kuandika ripoti, kuendesha mkutano na kudai anachostahili, amezoea kwa namna ya kwanza. Mwenzake ambaye baada ya miezi sita ameacha kula mchana, ameacha kumwambia mama yake ukweli kwenye simu, na ameacha kuuliza kuhusu mkataba, naye amezoea, na bosi wake atamsifu kwa uvumilivu. Abiria wa kike aliyezoea kusimama karibu na mlango wa daladala ili asishikweshikwe amepata ustadi wa kweli. Ustadi huo ni ushahidi wa kilichoharibika, na usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika.

Kwa Bibi, nilichofanya ni kumweleza kuhusu mfupa. Hakuwa amewahi kuelezwa. Alidhani meno ndiyo yaliyochakaa. Aliuliza maswali mengi, mengine magumu: mfupa huo unarudi? Hapana, haurudi. Meno mapya yatauzuia usipungue? Hapana, lakini yakikaa vizuri hayatauumiza bila sababu. Itabidi nijifunze upya? Ndiyo. Alikaa na maneno hayo siku kadhaa. Angeamua kubaki alivyo, ningekubali, kwa sababu angekuwa ameamua akijua, na kukataa kuanza upya ukiwa na miaka 77 ni uamuzi unaostahili heshima. Aliamua kwenda. Daktari aliyaacha meno yaleyale, akatengeneza upya upande wa ndani wa mabamba ufuate fizi zilivyo sasa.

Na kama kawaida, kilichokaa vizuri kilihisiwa kuwa kigeni. Misuli iliyozoea kushikilia kitu kilicholegea iliendelea kubana bila sababu, na jioni panja zilimuuma. Mama mdogo alipofungua mdomo kumfariji, Bibi alimkatiza: "Safari hii msiniambie nitazoea. Niambieni mtanirudisha lini."

Kiswahili kilikuwa na jibu hili ndani ya kitenzi chenyewe. Kuna kuzoea, kazi anayoifanya mtu peke yake ndani ya mwili wake. Kuna kuzoeza, ambako ndiko yalikotoka mazoezi, na huko lazima awepo mwingine anayefundisha, anayepima na anayerekebisha. Na kuna kuzoeana, ambako kila upande unasogea. Meno ya bandia yanayokaa vizuri ni mfano wa kuzoeana: misuli ilijifunza umbo la bamba, na bamba lilisagwa lifuate kinywa. Bwenini, kwa wakwe na ofisini, mara nyingi tunadai ya kwanza na kujisahaulisha hizo mbili nyingine.

Kwa hiyo jibu langu ni la masharti. Anaweza kusema utazoea yule ambaye amekwisha kuangalia mahali panapouma, ambaye yuko tayari kusaga kile kinachokata hata kama alikitengeneza yeye, na ambaye ametaja siku ya kuangalia tena. Huyo anatoa ahadi, na ahadi yake inampa mgonjwa nguvu ya kuvumilia kile kinachostahili kuvumiliwa. Asiye tayari kwa hayo na aulize panauma wapi, kisha asikilize jibu hadi mwisho.